Swali la lugha: «Ndege aliyepigwa» au «picha iliyopigwa»?

Msomaji wetu wa Nkuhungu, jijini Dodoma, ambaye tangu alipostaafu amejizoeza kupiga picha za maua, ndege na shughuli za kila siku za nyumbani kwake kwa kutumia simu, ametuandikia kuhusu maelezo aliyoyaweka chini ya picha moja aliyowatumia ndugu zake. Aliandika hivi: «Picha ya ndege aliyepigwa leo asubuhi uani kwetu.» Dada yake alimjibu kwa masikitiko, akiuliza ni nani aliyempiga ndege huyo, na binamu yake akamwambia kuwa angeandika «nimempigia picha ndege» pasingekuwa na utata wowote. Msomaji anauliza ni ipi iliyo sahihi, na kama inafaa kusema «nimempiga picha ndege» wakati kiumbe huyo hakuguswa hata kidogo.

Dada alisoma kile kilichoandikwa. Katika «aliyepigwa», kirejeshi -ye- hakiwezi kurejelea picha, kwa sababu picha imo katika ngeli ya I-ZI na kirejeshi chake katika umoja ni -yo-. Kinarejelea ndege, ambaye ni kiumbe hai na huchukua upatanisho wa A-WA ingawa umbo la jina lake halibadiliki katika umoja na wingi. Sentensi hiyo basi inasema kuwa yuko ndege, kwamba ndege huyo amepigwa, na kwamba hii ni picha yake. Mkoani Dodoma maana hiyo ni ya kweli na ya karibu: watoto hupiga ndege kwa manati, na wakulima wa mtama na uwele hulinda mashamba yao dhidi ya kwelea kwelea mazao yanapokaribia kukomaa. Msomaji alikusudia kusema «Picha ya ndege iliyopigwa leo asubuhi uani kwetu», na silabi zilizobadilika ni mbili tu. Angeweza pia kuubakiza upatanisho wa ndege, ila angelazimika kulirudisha neno picha mahali pake baada ya kitenzi: «Ndege aliyepigwa picha leo asubuhi uani kwetu.»

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Kitenzi piga kina maana ya kugonga au kuadhibu kinaposimama peke yake, lakini kinapofuatwa na jina maalumu huungana nalo na kuzaa kitendo kingine kabisa: tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga kura, wala hatuwazii kipigo. Kupiga picha ni jozi ya namna hiyo. Jozi ikikaa pamoja, ndege yuko salama. Picha ikiondolewa ubavuni mwa kitenzi, maana ya kwanza ya piga inarejea mara moja. Kwa hiyo «nimempiga picha ndege» ni Kiswahili safi kabisa, na hofu ya msomaji wetu kuhusu kumgusa au kutomgusa ndege haina msingi. Kiambishi -m- kinamwakilisha ndege kama mtendwa, na kwa viumbe hai kiambishi hicho hakipaswi kuachwa, kama ambavyo hatusemi «nimeona mtoto yule» bali «nimemwona mtoto yule». Kwa maua tuna uhuru zaidi: «nimeyapiga picha maua» husemwa pale ambapo maua yenyewe yanajulikana kwa msikilizaji, na «nimepiga picha za maua» hufaa pale ambapo tunayataja kwa mara ya kwanza au kwa jumla.

Binafsi naona tofauti hii ya pili ina thamani kubwa kwa anayeandika maelezo ya picha. «Nimepiga picha ya mnana» inaelekeza macho kwenye picha, ilhali «nimempiga picha mnana» inamwelekeza msomaji kwa ndege mwenyewe, yule aliyekuwa akisuka kiota kwenye mgunga. Zote mbili ni sahihi, na mwandishi achague kulingana na anachotaka kitazamwe kwanza.

Ushauri wa binamu, hata hivyo, haufai. Kauli ya kutendea huonyesha kuwa kitendo kinafanywa kwa ajili ya mtu, au kwa kutumia kitu. «Nimempigia mama picha ya mawaridi yake» maana yake ni kuwa mama aliihitaji picha hiyo nami nikamtimizia haja. Vivyo hivyo tunasema «simu ya kupigia picha», kwa kuwa simu ndiyo chombo. «Nimempigia picha ndege» ingekuwa na maana kwamba ndege ndiye aliyeomba kazi hiyo. Kosa hili limeenea sana kwa wanaosema «nipigie picha» wakitaka sura zao zionekane; anayetaka kuonekana pichani aseme «nipige picha», na anayetaka mwingine amsaidie kupiga picha ya kitu fulani aseme «nipigie picha ya kitu hicho».

Maadamu tuko kwenye bustani, nieleze jambo ambalo msomaji hakuliuliza lakini litamkuta. Neno ua lina ngeli mbili. Ua linalochanua lina wingi wa maua, na ua unaofagiliwa, yaani eneo lililozungushiwa uzio nyumbani, una wingi wa nyua. «Picha ya ua» pekee haitoshi kumweleza msomaji unamwonyesha nini; «picha ya ua lililochanua» na «picha ya ua uliofagiliwa» zinatosha. Ndege naye, akiwa ni chombo cha kusafiria, huhama kutoka A-WA kwenda I-ZI, na kwa mkazi wa Dodoma, ambako kuna uwanja wa ndege, ni vyema kuitunza tofauti kati ya «ndege aliyepita juu ya paa» na «ndege iliyopita juu ya paa». Hata chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anashiriki jina lake na tone la jicho: chozi anayefyonza ni kiumbe, chozi linalodondoka ni maji.

Ugumu wa kweli huja pale ambapo picha na kilichopigwa picha vina ngeli moja, maana hapo upatanisho hauwezi kutuokoa. Chukua «picha ya bustani iliyoharibika». Ni kipi kilichoharibika? Bustani ni I-ZI na picha ni I-ZI, na kirejeshi -yo- kinaweza kushika popote. Nyumba, barabara, meza, vyote vinaleta shida hiyohiyo. Kutumia amba- hakusaidii, kwa sababu «ambayo» nayo ni ya ngeli hiyohiyo. Dawa ni kubadilisha mpangilio: «picha iliyoharibika ya bustani» ikiwa picha ndiyo yenye kasoro, au, ikiwa bustani ndiyo iliyopatwa na madhara, kuanza nayo moja kwa moja: «Bustani yetu baada ya kuharibiwa na upepo.» Nampendelea mwandishi anayechukua njia hii ya pili, kwa kuwa msomaji tayari anaiona picha mbele yake na hana haja ya kuambiwa kwamba anachokiona ni picha.

Magazeti yetu yamezoea njia hiyo kwa muda mrefu. Maelezo ya picha huanza na kilichomo pichani, kikifuatwa na kitenzi chenye -ki- ya tendo linaloendelea: kiongozi akihutubia, wananchi wakisikiliza. Mpiga picha wa nyumbani anaweza kuandika kwa mtindo huohuo: «Chozi akifyonza mbochi kwenye ua la mshubiri», «Minana wakijenga viota baada ya mvua za Desemba», «Waridi likiwa na umande asubuhi». Mtindo huu unataja tendo, unahifadhi ngeli ya kila jina, na hauhitaji kitenzi piga hata kidogo.

Lililobaki ni jina la aliyepiga. «Picha ya baba» inaweza kuwa ni ile inayomwonyesha baba, au aliyoipiga baba, au iliyo mali yake. Tunapotaka kutofautisha, tuseme «picha aliyopigwa baba» kwa ile ya sura yake na «picha aliyoipiga baba» kwa ile ya kazi yake. Chini ya picha yenyewe, njia fupi zaidi ni ile ya magazeti, «Picha na» likifuatwa na jina, ambapo «na» ni ileile inayomtaja mtenda katika «imepigwa na». Kwa picha ya asubuhi ile, basi, msomaji wetu aandike jina la ndege kama analijua, alichokuwa akikifanya, mahali na siku, halafu «Picha na» na jina lake mwenyewe.