Baba ana dimensia: je, aache kwenda barazani?

SWALI: Baba yangu ana miaka 74, na hospitali imethibitisha kwamba ana dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Tangu apotee njia akirudi kutoka barazani, kaka zangu wamemzuia kutoka na kupokea wageni, wakisema ubongo wake upumzike. Wanafanya sawa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: La, hawafanyi sawa. Familia nyingi hufika kliniki zikiwa zimekwisha kumfungia mzee ndani kwa miezi. Ubongo wenye dimensia hauponi kwa kupumzishwa. Mzee asiyesemeshwa husinzia mchana, hukesha usiku na kuingiwa na huzuni, kisha unyonge huo tunauita hatua mpya ya ugonjwa. Nikiuliza zaidi, mara nyingi nakuta kinacholindwa ni heshima ya nyumba: watoto wanaona haya baba akirudia swali moja mara tano mbele ya wageni.

Arudi barazani, ila mjukuu amsindikize, asubuhi akiwa bado na nguvu, na akae na wenzake wawili watatu wanaojua hali yake. Bao acheze. Hesabu za mtaji, yaani za kula kete za mwenzake, huenda zikamshinda, lakini mkono uliozoea kutawanya kete tangu ujana hausahau upesi kama unavyosahaulika mlo wa jana. Wageni wasimtahini kwa "Unanikumbuka?", bali wajitaje majina. Masikio yake nayo yapimwe, kwani asiyesikia hujitenga mwenyewe.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwakusanya wazee wenye dimensia katika vikundi kwa vikao 14 vya mazungumzo na michezo, na vipimo vyao vya akili vikaonyesha nafuu. Kwa hiyo hunikera kuona unga wa "kufungua ubongo" ukinunuliwa kwa fedha ambayo ingemlipia mzee nauli ya kwenda kwa nduguye. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji inayoponya ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha dimensia, na anayeahidi hivyo anawaibia. Hatari zaidi ni mganga anayesema mzee amerogwa na kuagiza atengwe: usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, mambo yanayotibika, na tiba yake hucheleweshwa kwa uganga kama huo.

Kuficha kuna madhara mengine. Mzee aliyechanganyikiwa akionekana uani kwa jirani usiku wa manane, jirani asiyeambiwa kitu humdhania mwanga, yaani mchawi, na katika nchi yetu wazee wameuawa kwa dhana kama hiyo. Mwenye duka, imamu na vijana wa bodaboda hapo mtaani waelezwe sasa, kabla baba hajapotea tena.