Mashine ya kunoa visu: kwanza niambie una kisu gani

Barua za safari hii karibu zote ni za mashine za stima za kunolea visu. Mnanitajia bei, rangi na duka lenye ofa. Kisu chenyewe hakuna anayekitaja. Haya, tuanze.

Ninunue mashine ipi ya kunolea visu vya nyumbani? (Milimani, Kisumu)

Ya kisu gani? Swali hili haliishi kuja, nami siachi kuuliza hivyo. Mashine nyingi zina mianya ambayo pembe yake imeshapangwa kiwandani. Wewe kazi yako ni kuvuta kisu tu. Visu vya mtindo wa Ulaya, na vingi vya supamaketi zetu, hunolewa kwa nyuzi 20 hivi kila upande. Vya Kijapani, ambavyo chuma chake ni kigumu zaidi, huwa karibu nyuzi 15. Ukitia kisu cha chuma laini kwenye mwanya wa nyuzi 15, mashine itakula chuma kingi kutengeneza pembe mpya, halafu makali hayo membamba yajikunje siku ya kwanza yakigusa mfupa wa kuku. Kwa nyumba nyingi, tafuta ya nyuzi 20 yenye hatua mbili au tatu: gurudumu la kukwaruza, la kulainisha, na la kung'arisha ukibahatika. Yenye mwanya mmoja tu iache hapo hapo dukani.

Na kama kisu chako ni kile cha mpini wa plastiki kinachouzwa mia, usikinunulie mashine ya maelfu. Kinoo cha pande mbili kinakitosha. Pesa zinazobaki nunua kisu.

Shangazi ametuma mashine kutoka Marekani. Plagi haiingii ukutani, je, adapta itasaidia? (Kakamega)

Itakusaidia kuiunguza. Adapta hubadilisha miguu ya plagi, stima ni ile ile. Marekani wanatumia volti 120, sisi 240. Igeuze mashine usome maandishi madogo chini yake: ikiandikwa 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha stima, yenye wati nyingi kuliko za mashine. Hata hivyo transfoma haibadilishi Hz, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde, kutoka 60 yao kuwa 50 yetu, na mota za aina fulani zitazunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Piga hesabu ya transfoma kabla hujamshukuru shangazi mara ya pili. Wanaouziwa mitumba ya vyombo vya jikoni nao wasome hapa, maana hakuna muuzaji atakayewageuzia mashine chini.

Kisu cha mkate chenye meno kinanolewa humo? (Nakuru)

Hapana, isipokuwa mashine ina mwanya uliotengewa meno. Na mikasi pia hapana, kabla hujaniandikia tena.

Nauza samaki Kibuye, napara na kupasua ngege na mbuta tangu asubuhi. Mashine itanifaa? (Kisumu)

Dada, stima utaivuta kutoka wapi hapo mezani? Beba kinoo, na chuma cha kunyooshea makali ukikipata. Upitishe kisu mara chache kila unapoona kinateleza juu ya ngozi. Lakini barua yako imenionyesha jambo jingine: unapara magamba kwa makali yale yale unayopasulia. Geuza kisu, tumia mgongo, au tafuta kijiko. Magamba ya ngege yanaua makali upesi. Na kichwa cha mbuta kikatwe kwa panga. Kisu chembamba kitamegeka, kisha utasema kilikuwa feki.

Mashine ninayo, kisu kinatoka kikali lakini kinadumu siku mbili tu. Nimeuziwa feki? (Bungoma)

Huenda, ila nakushuku wewe kwanza. Unakatia nyanya wapi? Kama ni kwenye sahani ya udongo, ubao wa kioo au juu ya kaunta ya jiwe, hakuna mashine duniani itakayokuokoa. Kila kisu kinapogonga kioo, makali hulala. Tumia ubao wa mbao au wa plastiki. Mama anayekunja sukuma wiki kiganjani na kuikata nyembamba bila ubao, kisu chake hudumu kuliko chako, kwa sababu makali hayagusi kitu ila majani. Sisemi muige, vidole ni vyenu.

Jambo la pili ni kunoa nusu nusu. Kwenye gurudumu la kwanza chuma husukumwa na kujikunja upande wa pili, uzi mwembamba ambao jicho halioni. Weka kidole gumba kwenye bapa, ukivute nje kuelekea ukingoni, kamwe usikipitishe kufuata makali. Kikikwama kidogo, uzi upo. Ukiishia hapo kisu kitakata vizuri jioni hiyo, kesho uzi utalala na kisu kitakuwa butu. Hatua ya pili ndiyo inayouondoa. Vuta bila kukandamiza, kuanzia mpinini hadi nchani kwa mwendo mmoja, wala usisimame katikati: ukisimama, gurudumu linachimba shimo.

Panga na jembe je? (Busia)

Noa kwa tupa, ile ya chuma.

Mnoaji wa baiskeli anayepita mtaani ana tofauti gani na mashine? (Kondele, Kisumu)

Anakula chuma haraka zaidi, ila fundi mzuri huona anachokifanya, na mashine haioni. Mpe panga na mikasi bila wasiwasi. Kisu kizuri kisimamie: akikandamiza jiwe kavu mpaka makali yageuke rangi ya samawati, chuma kimeungua na ugumu wake umepungua, hakitashika makali tena mpaka sehemu ile isagwe iishe. Mwambie achovye kwenye maji kila mara. Akikataa, lipa, chukua kisu chako.

Vumbi jeusi linalotoka lina madhara? (Nakuru)

Ni chuma na unga wa gurudumu, si viungo vya mchuzi. Osha kisu kwa sabuni kabla ya kukata chochote, na usinoe karibu na unga uliotoa kukanda chapati. Chomoa plagi kabla ya kusafisha mashine, ukung'ute vumbi, usiimwagie maji. Anayetaka kuniandikia tena aanze na aina ya kisu.