Maswali na Majibu: Anayecheza Agricola Peke Yake Ana Mpinzani

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Nilinunua Agricola, mchezo wa mezani wa kuendesha shamba na kuilisha familia yake, na, kwa kuwa hufika nyumbani usiku watu wakiwa wamelala, huucheza peke yangu. Nimecheza mara tisa, na pointi zangu za juu kabisa ni 38. Huanza na vipande viwili vya chakula na kumlisha kila mtu vipande viwili kama nilivyoona kwenye video, na nikikosea hatua huirudisha, kwa kuwa hakuna mpinzani ninayemdhulumu. Kuna mtu anauza karatasi ya hatua zilizopangwa kwa shilingi 800, naye anaahidi kwamba nitafika pointi 50. Mwingine amenishauri nicheze pande mbili mimi mwenyewe ili nizoee kuzuiwa nafasi, yaani mwingine kukalia nafasi ya ubaoni ninayoitaka. Nifuate ushauri upi?

JIBU: Usinunue karatasi hiyo. Kuhusu kucheza pande mbili nitasema machache baadaye, kwa sababu jambo lililonishtua katika barua yako ni lile ulilolitaja kwa haraka, yaani kwamba hakuna mpinzani. Kazi yangu ni kuwafundisha watu michezo ya mezani, na sina kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko hili. Mtu huondoa viti vya wenzake, hubaki na ubao uleule na kanuni zilezile za watu wengi, kisha huamini kwamba huo ndio mchezo wa mtu mmoja.

Uwe Rosenberg, Mjerumani aliyeubuni mchezo huu uliotoka mwaka 2007, aliweka kanuni maalumu za mchezaji mmoja, nazo si mapambo. Mchezaji wa peke yake haanzi na chakula chochote. Kila mtu mzima hula vipande vitatu wakati wa mavuno badala ya viwili. Msituni, pale ambapo kwa kawaida huwekwa mbao tatu kila raundi, huwekwa mbili. Wanaotengeneza video fupi za kufundisha huziruka kanuni hizi kwa sababu wao wenyewe huwa wameketi watu wanne mezani, na mtazamaji hana njia ya kujua kwamba amenyimwa sehemu iliyomhusu yeye hasa.

Chukua kalamu tuhesabu ulichojipa. Mchezo una raundi 14, na katika kila raundi kila mwanafamilia hufanya hatua moja. Mavuno ni sita, baada ya raundi ya 4, 7, 9, 11, 13 na 14. Watu wawili wakila vipande vitatu kila mmoja katika mavuno yote sita, wanahitaji vipande 36. Wakila viwili viwili, wanahitaji 24. Hapo umejisamehe 12, na ukiongeza viwili vya kuanzia, jumla ni 14. Nafasi ya kibarua humpa mfanyakazi vipande viwili kwa hatua moja, kwa hiyo umejilipa vibarua saba ambavyo hukuvifanya, ilhali familia ya watu wawili ina hatua 28 tu tangu mwanzo hadi mwisho. Umejizawadia robo ya mchezo, na hapo bado sijagusa mbao, ambazo huenda pia umekuwa ukiziweka tatu tatu. Zile pointi 38, ndugu yangu, ni za mchezo mwingine, na ndiyo maana hazikuonyeshi ulipokosea.

Hasara kubwa zaidi ni somo lililofichika. Kila anayeanza hukimbilia kuzaa, kwa sababu mtoto ni mfanyakazi wa ziada na kila mwanafamilia huhesabiwa pointi tatu mwishoni. Tuseme mtoto amezaliwa raundi ya 6. Ataanza kufanya kazi raundi ya 7, kwa hiyo atakuletea hatua nane, na kwa kibarua pekee hatua hizo ni vipande 16 vya chakula. Katika kanuni za watu wengi atakula vipande kumi katika mavuno matano yaliyobaki, na sita vinabaki. Katika kanuni za mtu mmoja atakula 15. Kinachobaki ni kipande kimoja! Mtoto wa mchezaji wa peke yake hajilishi kwa vibarua. Anajilisha tu iwapo kabla hajaja umekwisha kujenga njia ya kupata chakula kingi kwa hatua moja, kwa mfano jiko la udongo linalogeuza kila kondoo kuwa vipande viwili. Hili ndilo fundo la mchezo mzima, na anayemlisha kila mtu viwili anaweza kucheza mara hamsini asilione.

Sasa kuhusu huyo mpinzani unayesema hayupo. Tazama tena orodha ya mavuno. Kabla ya mavuno ya kwanza una raundi nne, kabla ya yale ya pili una tatu, halafu mbili, mbili, mbili, na mwisho moja. Njaa inakaribia kwa hatua zinazozidi kufupika, na ukikosa kipande kimoja cha chakula unachukua kadi ya kuombaomba inayokutoa pointi tatu, sawasawa na kumpoteza mtu mmoja wa familia katika hesabu ya mwisho. Mezani penye watu wengi unajiuliza kama jirani atachukua matete kabla yako. Peke yako hakuna wa kuyachukua, yatakungoja na kuongezeka moja kila raundi, kwa hiyo swali lako ni muda gani unaweza kuyaacha bila kuchelewa kwingine. Hilo ni swali gumu zaidi, si jepesi.

Nitakuonyesha kwa mfano wa raundi nne za mwanzo, nami nasisitiza kwamba ni hesabu ya kufikiria, si njia ya kufuata. Chumba cha mbao kinataka mbao tano na matete mawili. Ukiyaacha matete raundi ya kwanza na kuyachukua raundi ya pili, unapata mawili kwa hatua moja. Ukiuacha msitu hadi raundi ya tatu, unakuta mbao sita. Raundi ya nne unajenga. Hapo umetumia hatua tatu tu. Lakini mwisho wa raundi hiyo watu wako wawili wanahitaji vipande sita vya chakula, nawe ulianza bila kitu. Bwawa la samaki ambalo hukuligusa tangu mwanzo litakuwa na vipande vinne, na kibarua kimoja kitakupa viwili. Jumla ni hatua tano kati ya nane, hakuna aliyeombaomba, chumba kipo, na hatua tatu zimebaki za kulima, kuchukua mbegu au kutafuta udongo wa jiko. Mtu anayekwenda msituni kila raundi kwa hofu ya kunyang'anywa, ilhali hakuna wa kumnyang'anya, hutumia hatua tatu kupata mbao zilezile sita. Kondoo nao ni hivyohivyo. Kadi inayofungua nafasi yao ikiisha kutoka, ukiwaacha raundi tatu unakuta watatu, na penye jiko hao ni vipande sita kwa hatua moja, yaani vibarua vitatu.

Kuhusu kurudisha hatua, sitazunguka: acha. Wazee wanaocheza drafti barabarani kwa vifuniko vya soda wanajua kwamba kete ikishaachiwa haigeuki, na hawaoni kwamba ni ukatili. Ukirudisha hatua katika mchezo huu, unafuta pengo la chakula ambalo lingekufundisha, kwa sababu kosa la raundi ya 3 halionekani raundi ya 3. Linaonekana mavuno ya raundi ya 7 unapohesabu vipande vyako vya chakula na kukuta vimepungua viwili. Acha adhabu ifike. Chukua kadi ya kuombaomba, endelea hadi mwisho, kisha rudi nyuma kwa kumbukumbu utafute hatua ipi iliyokuleta hapo.

Nije kwenye karatasi ya shilingi 800. Nimeiona karatasi ya namna hiyo mikononi mwa wanafunzi wangu watatu, na kila mmoja alikuja akiwa na pointi chache kuliko wenzake waliojifunza kwa kukosea. Sababu yake ni rahisi, na muuzaji angeijua kama angekisoma kijitabu cha kanuni. Kila raundi nafasi mpya hufunguka kwa kadi, nazo zimegawanywa katika awamu sita, na ndani ya kila awamu huchanganywa. Awamu ya kwanza ina kadi nne, ya pili tatu, ya tatu, ya nne na ya tano mbili mbili, na ya sita moja. Zidisha mipangilio yote inayowezekana, yaani 24 mara 6 mara 2 mara 2 mara 2, na utapata mipangilio 1,152. Kadi ya kuongeza familia inaweza kutoka raundi ya 5, na inaweza kukungojesha hadi ya 7. Juu ya hayo, mchezo kamili hukupa mkononi kadi saba za kazi na saba za maboresho madogo, ambazo hazitafanana na za jana. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mpangilio mmoja haiwezi kukufaa, na muuzaji anayekuahidi pointi 50 ama hajui anachokiuza ama anajua na haoni haya. Sijui lipi ni baya zaidi.

Hizo 50, hata hivyo, hakuzibuni yeye. Ndizo shabaha ya mchezo wa kwanza katika mfululizo wa mchezaji mmoja uliomo ndani ya kanuni zenyewe. Ukizifikia, shabaha inayofuata ni 55, kisha 59, nawe unaruhusiwa kubaki na kadi moja ya kazi uliyoicheza. Ngazi umeshajengewa ndani ya sanduku ulilolilipia. Mtu anakuuzia kipande chake kilichovunjika.

Kucheza pande mbili si udanganyifu, na kunasaidia kidogo kwa mtu anayetaka kuzikariri kanuni za watu wengi kabla ya kukutana nao. Lakini hakutakuzoesha kuzuiwa, kwa sababu mkono wa kushoto unajua anachokitaka wa kulia, na bila kujitambua utampendelea mmoja. Kama unataka kuzuiwa kwa kweli ukiwa peke yako, tafuta mchezo uliotengenezwa hivyo. Viticulture, mchezo wa mashamba ya mizabibu, una kadi za Automa, yaani kadi zinazocheza badala ya mpinzani, zilizobuniwa na Morten Monrad Pedersen. Kadi inafunuliwa na nafasi zilizotajwa juu yake zinakaliwa, upende usipende, nawe unatakiwa kuzipita pointi 20 ndani ya miaka saba ya mchezo. Nako huko nimewakuta watu wanaozirudisha kadi kwenye fungu zinapokalia nafasi waliyoitaka, kwa hoja ileile ya kwamba hakuna anayedhulumiwa.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Panga ubao kwa kanuni za mchezaji mmoja, bila chakula, mbao mbili msituni. Cheza raundi nne tu, lisha watu wako vipande vitatu kila mmoja, andika ulichobakiza, kisha fungasha. Rudia usiku mwingine kwa kadi zilizochanganywa upya, na usiku wa tatu tena. Ukiweza kuyavuka mavuno ya kwanza mara tatu bila kuombaomba na ukiwa na chumba cha tatu, endelea hadi raundi ya 7. Pointi zako zitashuka mwanzoni, pengine sana, na nakuomba usifadhaike wala usirudi kwenye vipande viwili ili kujiliwaza.

Nawaambia na wasomaji wengine, kwa sababu biashara hii inaenea kwenye makundi ya simu, na leo ni Agricola, kesho utakuwa mchezo mwingine wa kuweka wafanyakazi. Kijana anayejifunza peke yake usiku hana wa kumsahihisha, na hilo ndilo linalomfanya awe windo rahisi la wauza siri, orodha na mafunzo ya saa moja. Mtu akikujia na karatasi ya ushindi, usibishane naye kuhusu pointi. Muulize kwanza kama watu wake walikula viwili au vitatu, halafu muulize kadi ya kuongeza familia ilitoka raundi ya ngapi alipoiandika, na afanye nini anayeikuta raundi ya 7.