Shangazi, mume wangu huzima TV kila sherehe ya ufunguzi inapoanza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga na mume wangu, na mama mkwe yuko nasi tangu alipofiwa na mumewe. Nyumba yetu ni ya mpira na riadha. Hata bibi anawajua wachezaji wa Taifa Stars kwa majina.

Ijumaa ya tarehe 26 Julai 2024 tulikaa sote sebuleni kuangalia ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Watoto walioga mapema, bibi akakaa kwenye mkeka akiegemea kochi, mimi nikaleta kashata na chai ya tangawizi. Mwanzo ulikuwa mzuri, boti zinapita mtoni, mvua inawanyeshea na watu wanapunga bendera zao. Mara wakaja wanaume waliovaa kike wanacheza, kisha akatokea yule mtu aliyepakwa rangi ya buluu mwili mzima, karibu yuko uchi, amelala kwenye sinia kubwa katikati ya maua na matunda anaimba. Binti yangu mdogo akaangua kicheko. Mume wangu akawa anapapasa kutafuta rimoti, haionekani, kumbe mtoto kaikalia. Bibi akavuta kanga yake mpaka mdomoni, akakohoa, akasema, "Ngoja nikaswali." Shangazi, Isha alikuwa ameshaswali. Msala nilimtandikia mimi mwenyewe.

Hakuna aliyesema neno. Tangu usiku ule mume wangu kapiga marufuku sherehe zote, za kufungua, za kufunga, za mapumziko. Anazima mpaka filimbi ipigwe. Hata CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipofunguliwa Uwanja wa Mkapa tarehe 2 Agosti 2025, tena nchini kwetu, tulikaa mbele ya kioo cheusi huku majirani wanashangilia. Sasa AFCON ya 2027 inakuja nyumbani, na binti yangu wa miaka 12 anasema watoto wa halaiki wakitakiwa naye anataka aende. Baba yake kamjibu, "Huko ndiko kwenye uchafu." Mtoto kalia mpaka kalala bila kula. Nikimtetea naambiwa napenda uzungu. Hizi sherehe zinafaa kuangaliwa na familia, au mume wangu ana haki?

Mama wa Watatu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale bibi alipovuta kanga. Naomba tuanzie hapo.

Jiulize, usiku ule bibi angekuwa ameshakwenda kulala, mume wako angefanya nini? Naona angeguna, angesema "mambo gani haya," mkangoja boti zirudi. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amekaa na mama yake mzazi, na mkewe, na binti zake, wote macho kwenye kioo kimoja, kwa jambo ambalo mtu na mama yake hawaliangalii pamoja. Sisi watu wa pwani hili tunalijua bila kufundishwa. Kuna nyimbo za taarabu ambazo mwanamke atazicheza ukumbini na mashoga zake mpaka alfajiri, lakini redio ikiupiga wimbo huohuo mkwe wake akiwa amekaa barazani, utamwona anainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Wimbo haukubadilika hata neno. Waliokaa ndio waliobadilika.

Kwa hiyo unaponiuliza kama sherehe hizi zinaifaa familia, mimi nakuuliza ni familia ipi na imekaa vipi. Watu wa televisheni wanapopanga mambo ya kuangaliwa na familia, anayewajia akilini ni mtoto. Majirani zetu wa Kenya wana kanuni kwamba kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku vituo visirushe mambo ya watu wazima. Ni kanuni nzuri, na ule ufunguzi wa Paris kwa saa zetu ulianza saa 2:30 usiku ukapita saa sita. Lakini hakuna kanuni iliyomfikiria mama mkwe. Nyumbani kwako mtoto alicheka, na aliyeondoka alikuwa mtu mzima kuliko wote. Nyumba ya vizazi vitatu inahitaji kujipangia yenyewe, kwa sababu hakuna atakayeipangia.

Sasa nikupe haki ya mume wako, maana anayo. Kile kipande na mimi sikukipenda. Na hilo neno la uzungu aliweke kando, kwa sababu walionung'unika wengi walikuwa wazungu wenyewe. Wengi walikiona kama mzaha wa Karamu ya Mwisho ya Yesu, na Maaskofu Katoliki wa Ufaransa walitoa tamko la kusikitika kwamba Ukristo umefanyiwa dhihaka. Al-Azhar ya Misri, taasisi kubwa ya elimu ya Kiislamu, nayo ililaani. Thomas Jolly, aliyeisanifu sherehe, alieleza kwamba alikuwa anaonyesha karamu ya miungu ya Wagiriki wa kale, na tarehe 28 Julai waandaaji wakaomba radhi kwa yeyote aliyeumia. Kwa hiyo mume wako hakuona jambo ambalo halikuwapo.

Ila maaskofu walewale, katika tamko lilelile, walisema pia kwamba sherehe ile iliupa ulimwengu nyakati za uzuri na furaha. Walilaumu cha kulaumiwa wakasifu cha kusifiwa. Mume wako amebaki na ile nusu ya kwanza, na anawanyima watoto ya pili.

Tena Paris ilikuwa na shida yake ambayo sherehe nyingine hazina. Kwa kawaida Olimpiki hufunguliwa uwanjani, michezo ya jukwaani inakuwa na wakati wake, halafu wanamichezo wanaandamana nchi moja baada ya nyingine. Baba akitaka kuruka ngoma asubiri bendera, anaweza. Safari ile walifungulia mtoni, kwenye Seine, wakachanganya. Boti kadhaa, kisha onyesho, kisha boti tena. Ungezima kimoja ungekosa na kingine.

Na waliyokosa watoto wako usiku ule, kama ilizimwa moja kwa moja, ni mengi. Sijui kama mliiona boti ya pili, iliyokuja nyuma ya Ugiriki. Ile ilikuwa timu ya wakimbizi, wanamichezo 37 wasio na bendera ya nchi ya kupeperusha. Mmoja wa waliobeba bendera yao alikuwa Cindy Ngamba, bondia mzaliwa wa Kamerun, na siku chache baadaye akapata shaba, medali ya kwanza kabisa kwa timu ya wakimbizi. Nchi yetu ina watoto waliozaliwa kwenye kambi za Kigoma. Mimi ningependa binti yako aijue boti ile. Ningependa bibi yake awe kando yake anamweleza ukimbizi ni nini, kwa namna ambayo bibi tu ndiye anayejua kueleza.

Halafu kumbuka, marufuku ya mume wako ilianza 2024. Basi tarehe 20 Novemba 2022 nyumba ya mpira kama yenu lazima ilikuwa mbele ya TV, Kombe la Dunia likifunguliwa Qatar kwenye uwanja wa Al Bayt. Katikati ya uwanja alikuwapo Ghanim Al Muftah, kijana wa Qatar aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili wake. Mwigizaji wa Marekani, Morgan Freeman, mzee wa miaka 85, akashuka chini akakaa naye wakizungumza, na yule kijana akasoma aya ya Suratul Hujurat, ile isemayo kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Mimi nililia. Muulize bibi kama aliiona, na kama aliiona, muulize alivuta kanga kufuta nini. Hiyo nayo ilikuwa sherehe ya ufunguzi, iliyorushwa mubashara kama ile ya Paris. Kuziweka zote kapu moja ni kuwadhulumu watoto.

Najua atakachokujibu. Atasema, "Utajuaje litakalotokea?" Hapo ana hoja nzito. Tarehe 1 Februari 2004 huko Houston, kwenye mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwimbaji Justin Timberlake alivuta vazi la mwimbaji mwenzake Janet Jackson na titi lake likaonekana. Ilikuwa chini ya sekunde moja, na Marekani nzima ilikuwa inaangalia na watoto wao. Mamlaka ya mawasiliano ya huko ikaitoza CBS, televisheni iliyorusha onyesho lile, faini ya dola 550,000, na baadaye mahakama ikaifuta. Hakuna rimoti yenye kasi hiyo, hata kama mtoto hajaikalia. Na siku hizi mpira nao umeanza mtindo huohuo, kwani FIFA ilitangaza onyesho la mapumziko kwa fainali ya Kombe la Dunia la 2026, jambo ambalo fainali za Kombe la Dunia hazikuwa nalo kabla ya hapo. Kwa hiyo hata kungoja filimbi hakutamsaidia sana.

Na kwa kuwa una binti, nikwambie kilichofuata Houston, maana mimi kinaniuma mpaka leo. Aliyevuta nguo alikuwa mwanamume, lakini lawama karibu zote zikamwangukia mwanamke. Mwaka 2018 Timberlake aliitwa tena kutumbuiza mapumziko ya Super Bowl. Janet hakuitwa. Mama akikaa na binti yake wa miaka 12 akamsimulia hilo, mtoto atakuwa amepata elimu ambayo kioo cheusi hakiwezi kumpa.

Ninachokihofia mimi katika barua yako ni yale maneno yako matatu: hakuna aliyesema neno. Rangi ya buluu watoto wameshaisahau. Ambacho hawajasahau ni baba anapapasa kwenye makochi kwa hasira, bibi anaondoka, chai inapoa, na watu wazima wote wamenyamaza. Hakuna aliyewaambia, "Wanangu, hili kwetu si la kuangaliwa, na sababu yake ni hii." Wamejifunza tu kwamba kuna kitu kibaya ambacho hakisemwi. Kisha mwaka mmoja baadaye mtoto anasema anataka kucheza halaiki, anaambiwa uchafu. Yeye ameelewa kwamba mchafu ni yeye. Ndiyo maana hakula.

Sasa fanya hivi. Siku ambayo hakuna mechi, watoto wamelala, mwambie mume wako kwanza kwamba alifanya vyema kumstahi mama yake. Usianze na lawama. Hajawahi kuambiwa hilo, na nahisi amelibeba tangu 2024, aibu ya kuonwa na mama yake akiangalia mambo yale. Akishalitua ndipo mzungumze mengine.

Kuhusu bibi, mtangulie wewe. Mkiwa mnachambua mchele au mnakuna nazi mwulize taratibu, "Mama, ile siku ya Olimpiki ulikerwa?" Usishangae akikujibu kwamba yeye alishasahau. Maana ukitazama vizuri, bibi ndiye pekee aliyejua la kufanya. Alisema anakwenda kuswali, akatoka, hakumwaibisha mwanawe wala hakuwatisha wajukuu. Hiyo ndiyo staha ya watu wa zamani, wanakuachia njia ya kutokea. Mume wako anaweza kuiga hivyohivyo. Badala ya kuzima kwa ghadhabu, abadilishe kituo na kusema, "Hebu tuone taarifa ya habari, tutarudi." Dakika tano. Watoto wataelewa bila kuvunjiwa starehe. Rimoti ikae mkononi mwake au juu ya meza, na betri mzikague mapema.

Sherehe ikiwa ya usiku wa manane, isiwe na ubishi, watoto walale. Kesho yake vipande huonyeshwa tena, baba aangalie kwanza peke yake kisha awaite waone anavyoona vinafaa. Vipindi vingine bibi na wajukuu waangalie, vingine wewe na mume wako mkiwa wawili. Hakuna sheria inayosema watu wa nyumba moja lazima waangalie kila kitu kwa pamoja.

Nimebakiza halaiki, na hapa nazungumza kama mtu aliyeichezea. Nikiwa darasa la sita tulifanya mazoezi wiki nne mfululizo pale uwanja wa Mkwakwani. Mistari ya chokaa kwenye nyasi, mwalimu na filimbi yake, kaptura ya kijani iliyokuwa kubwa kuliko mimi nikaifunga kwa uzi. Ukikosea hatua moja mstari mzima unapinda, na unaonekana kutoka jukwaani. Nilijifunza kusimama juani bila kujikuna. Baba yangu hakutaka. Alisema mtoto wa kike hachezi mbele za watu. Siku yenyewe hakuja jukwaani, lakini nilipokuwa nimeshaolewa aliniambia kwamba alikuja na baiskeli yake akasimama nje ya uzio, akaangalia kwenye upenyo mpaka tulipomaliza. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema alikuwa ameshatamka hapana, hakujua pa kulirudisha neno.

Msaidie mume wako apate pa kulirudisha la kwake mapema. Neno uchafu alifute yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mtoto. Nafasi zikitangazwa, aende naye mazoezini siku ya kwanza, aulize vazi litakuwaje na wimbo utakuwa upi. Kama vazi halina sitara, aseme hapana, nami nitakuwa upande wake. Likiwa na sitara, basi amnunulie raba.

Na mtoto akichaguliwa, niandikie. Nataka kujua wamempanga mstari wa ngapi.