Mikorosho ya mjane inaninyima usingizi

*Shikamoo bibi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mwenyeji wa Tandahimba, sasa naishi Mtwara mjini nauza dagaa. Mwezi wa pili mwaka 2017 nilimpa jirani yetu mmoja, mama mjane, shilingi 150,000, akaniwekea rehani mikorosho yake. Wanawe walikuwa na njaa. Msimu ulipofika nikavuna kilo 320, na mnadani nikapata 3,800 kwa kilo. Alikuja kuniomba nimwongeze chochote aezeke bati, nikamfukuza. Akasema, "Mungu anakuona." Mwaka uliofuata kangomba, ile biashara haramu ya kununua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mnada, ikanifilisi. Mke wangu mimba zimemharibikia mara mbili. Nimetubu, naswali, lakini moyo hautulii. Mjomba amenipa ekari mbili nipande mikorosho, naogopa, naona nitakachogusa kitakauka. Mke wangu hajui lolote.*
*Mwenye mzigo*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimezaliwa Newala, na mwezi wa pili wa huko naujua: akiba imekwisha, mahindi bado mabichi shambani, na mwenye noti mkononi anageuka mfalme wa kijiji. Ulimkuta mama wa watu hapo. Ulichomfanyia ni dhuluma, wala sitakulainishia neno.

Lakini naona umechanganya mambo mawili, na ndiyo maana swala zako hazikupi utulivu. Kosa lako lina deni la Mungu na deni la mja. La Mungu umelipeleka kwake kwa toba, naye katika sura ya Az-Zumar, aya ya 53, amewakataza waja waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema yake, kwani yeye husamehe dhambi zote. La mja je? Masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni: ukila haki ya mtu, kujuta na kuacha havitoshi mpaka umrudishie mwenyewe au umwombe radhi akusamehe. Wewe miaka yote hii unamlilia Mungu kwa fedha ambayo ni ya mama wa Tandahimba. Moyo wako hautulii kwa sababu bado una akili. Mshukuru Mungu kwa hilo.

Basi tupige hesabu. Kilo 320 kwa 3,800 ni shilingi 1,216,000. Toa 150,000 uliyompa, inabaki 1,066,000. Usianze kutoa gharama za dawa ya salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua, mwanangu. Ukianza hapo utatoa na gharama ya kandambili zako. Huna zote kwa mara moja? Muuza dagaa hana, najua. Peleka ulichonacho, uahidi kilichobaki mbele ya mtu mzima anayeheshimika pale kijijini, na ahadi uitimize. Akiwa ametangulia mbele ya haki, wape warithi wake.

Ukifika, kaa chini, mwache aseme kwanza. Huenda akasema maneno mazito, yapokee. Kisha mkabidhi fedha, umwombe radhi, unyamaze. Usimdai jibu palepale, asije akahisi unamnunua kwa mara ya pili. Akisamehe, alhamdulillahi. Asiposamehe, haki yake umeirudisha, na moyo wake ni wake.

Nakusisitizia haya kwa sababu mimi nilichelewa. Niligombana na dada yangu kwa mikorosho minane ya marehemu baba, tukanuniana misimu miwili, nikawa nasema nitakwenda baada ya Ramadhani. Alikufa mwezi wa Shaabani. Sehemu yake niliwapa wanawe, lakini ile "nisamehe dada" sikuwahi kuisema, na sasa sina wa kumwambia. Wewe huenda bado unaye.

Kuhusu mimba za mkeo, hapo nakukatalia kabisa. Nani amekupa ufunguo wa siri za Mungu hata ukajua kile kilikuwa kwa ajili ya kile? Nabii Ayubu alipoteza watoto, mali na afya, na hakuwa amemdhulumu mtu. Hata hasara yako ya kangomba nisingeiita laana. Ile 2018, serikali ilipoingilia na jeshi likabeba korosho kwa shilingi 3,300, wahakiki walikuwa wakiwatafuta watu wa kangomba, na wakulima waliovuna mashamba yao wenyewe nao wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mkeo mpeleke hospitali apimwe, na wewe upimwe. Usimbebeshe tumbo lake dhambi ya magunia yako.

Sasa hizo ekari mbili. Panda. Kachukue miche bora ya Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho hapo Mtwara, uiachanishe mita 12 kwa 12, ekari moja itachukua kama 28. Mvua huku kwetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo mashimo yachimbwe mapema. Tunda la maana utaliona mwaka wa tatu kama Mungu akipenda, na katikati hapo utapalilia tu, hujui mvua, hujui ugonjwa wa ubwiriunga, hujui bei ya mnadani. Mkulima wa kusini hutawakali hivyo kila mwaka, jembe likiwa mkononi. Wewe unataka uhakikishiwe kwanza kwamba hakitakauka kitu, ndipo uchimbe. Hakuna aliyewahi kupewa hati hiyo, hata mwenye mikono safi.

Na ukishalipa, acha kumkumbusha Mungu kila usiku jambo ulilokwisha kumwomba alifute. Omba la kesho: riziki ya halali, mtoto, mvua.

Kabla hujapanda gari kwenda Tandahimba, mkalishe mkeo umweleze yote. Amebeba huzuni ya mimba mbili huku wewe usiku ukimhesabia kosa ambalo hata halijui. Mwambie leo, usiku huu huu mkishakula, kisha mpange pamoja fedha ya kwanza itatoka wapi.