Wataalamu wakibishana kuhusu dagaa, usikimbilie kusema hawajui kitu

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sisi tunaouza dagaa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, tulikuwa na muda wa kubishana. Mmoja anasema samaki wamekwisha kwa kuvuliwa ovyo. Mwingine kasikia redioni kwamba ni joto. Wa tatu akafunga mjadala: wasomi wenyewe hawaelewani, basi hawajui kitu.

Hoja hiyo naisikia kila mara, na ndiyo inayonifanya niandike. Ukiletewa habari ya kisayansi, uliza kwanza: hapa walipima nini hasa, na wapi walianza kukadiria?

Chukua hili la joto. Kipimajoto kinatumbukizwa majini, namba inasomwa, na vipimo vya miaka mingi vinaonyesha maji ya ziwa yamepata joto. Hapo hakuna ubishi wa maana. Inajulikana pia kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, na kwamba huko chini hakuna oksijeni ila ndiko virutubisho vilikolala. Pepo kali za kiangazi kutoka kusini hukoroga maji, virutubisho vikapanda, vijimea vikaota, vijidudu vikala vijimea, dagaa akala vijidudu. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi na hayachanganyiki kirahisi na ya chini.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha makadirio kwamba mavuno ya samaki huenda yamepungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu hiyo. Wengi wanaishika hiyo 30 kana kwamba mtu alisimama mwaloni na daftari. Hapana. Walisoma kemikali za matope ya sakafu ya ziwa, wakakadiria kuwa uzalishaji wa vijimea umeshuka kwa asilimia 20 hivi, kisha kutoka vijimea wakakadiria samaki. Kila hatua ina shaka yake, na shaka ya hatua ya kwanza inabebwa hadi ya mwisho. Ndiyo maana wengine walipinga, wakisema mavuno yanategemea pia idadi ya wavuvi na zana zao.

Mwaka 2016 ukaja ushahidi wa aina nyingine: mabaki ya samaki yaliyozikwa matopeni yalionyesha kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Hilo halimsafishi mwenye nyavu za macho madogo, maana samaki aliyekwisha kupunguzwa na joto anamalizwa upesi na nyavu. Ukitazama vizuri, wanachobishania ni kila sababu ina uzito kiasi gani. Kwamba ziwa linabadilika, wanakubaliana.

Mvuvi naye ana ujuzi wake, wala siudharau. Ila anayesema "mwaka huu dagaa wapo tele" amepima pale karabai yake ilipowaka tu. Utabiri wa msimu wa mvua nao, unaosema "wastani hadi juu ya wastani", unazungumzia eneo zima kwa msimu mzima. Usiusome kama ahadi ya shamba lako.

Halafu kuna swali ambalo kipimo hakilijibu kabisa. Sayansi inaweza kusema dagaa huzaana lini. Haiwezi kusema ni nani avumilie miezi mitatu bila kipato, mwenye boti au mama anayeanika dagaa mchangani. Mtu akikuonyesha mchoro wa takwimu ili unyamaze kuhusu hilo, usinyamaze. Nenda kwenye kikao cha BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, ukaulize: kabla ya kufunga mtapima nini, baada ya kufungua mtapima nini, daftari litakaa kwa nani tulione, na matokeo gani yatawafanya mpunguze muda au muache kabisa?