Bima ya baba yako, nakujibu

Mwanangu,

Hujambo? Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, jana usiku na leo asubuhi kabla baba yako hajaamka. Unauliza kwa nini akifikisha 65 mwezi wa kumi na kuingia Medicare, bima ya serikali ya wazee hapa Marekani, tumlipie kila mwezi na bima ya nyongeza, ndo hiyo Medigap, wakati baba wa rafiki yako kachukua Medicare Advantage, plani ya kampuni binafsi inayoshika nafasi ya Medicare ya kawaida, ya dola sifuri na kapewa mpaka meno na miwani. Umeuliza vizuri, sasa nisikilize.

Kwanza hiyo sifuri si sifuri, yule mzee bado anakatwa kila mwezi hela ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipa madaktari, kama ninavyokatwa mimi, mwaka 2025 ilikuwa dola 185. Na akiugua kweli kweli anaanza kutoa mfukoni kidogo kidogo, huku kitanda huku kipimo, na mwaka 2025 sheria iliruhusu hizo plani zimtoze mpaka dola 9,350 kwa mwaka, hapo ni kwa madaktari walio kwenye orodha yao tu. Nje ya orodha ni habari nyingine.

Nikwambie kilichonitia woga. Kuna mama tulifanya naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, mwenyewe wa kwetu, akachukua hiyo ya sifuri. Miaka mitatu safi, anasifia. Mwaka wa nne mgongo ukamshika, daktari kataka apigwe picha ya MRI, plani ikasema subiri idhini, kasubiri wiki na wiki, analala kwenye kiti kwa sababu kitandani hawezi. Alipochoka akataka kurudi Medicare ya kawaida achukue na Medigap kama yangu, wakamletea fomu imejaa maswali ya magonjwa, kajaza kwa ukweli, wakamkatalia. Na hapa Texas wana haki ya kumkatalia, mwanangu, hapo ndo penyewe. Medigap hawaruhusiwi kukuuliza ugonjwa kwa miezi sita tu, tangu Sehemu B yako inapoanza ukiwa na 65. Ya baba yako inaanza tarehe 1 mwezi wa kumi, kwa hiyo mpaka mwisho wa mwezi wa tatu lazima wampokee na presha yake na sukari yake. Baada ya hapo wanachagua. Ndio, ukianza na Advantage una mwaka mmoja wa kujaribu na kurudi, lakini watu wengi mwaka wa kwanza hawaumwi, ndo wanapojisahau.

Na bila nyongeza yoyote usithubutu, Medicare inalipa asilimia 80 ya daktari, ile 20 inayobaki ni yako na haina kikomo.

Sasa nimepiga simu sehemu tatu. Medigap zina aina zake kwa herufi, mimi nimeulizia G na N. Jua kwamba Plani G ya kampuni hii na Plani G ya ile ni kitu kimoja kisheria, kama kilo ya sukari duka hili na duka lile, kinachobadilika ni bei na wanavyoipandisha, kwa hiyo waulize bei inapandaje kadri mtu anavyozeeka. Bei nzuri niliyopata ya G ni dola 148 kwa mwezi, ya N ni 112. Zote mbili dola za mwanzo wa mwaka za Sehemu B unalipa mwenyewe, mwaka 2025 zilikuwa 257, ila N inaongeza mpaka dola 20 kila ukimwona daktari, na mpaka 50 ukienda emajensi wasikulaze, tena daktari akitoza juu ya bei ya Medicare, N haikufuniki. Tofauti ya bei ya G na N ni dola 36 kwa mwezi, yaani 432 kwa mwaka. Baba yako anatakiwa kliniki kama mara nane, hiyo ni 160, kwa hesabu N inashinda.

Lakini mimi nataka G. Unamjua baba yako, akisikia kila akienda ni dola 20 atasema naendelea vizuri, ataahirisha, na presha haisubiri. Mwezi uliopita nilikuta vidonge vya siku tisa bado vimo kwenye kile kiboksi chake, anabana ili visiishe. Hizo dola 36 nalipia yeye asiwe na kisingizio.

Akienda Tanga kwa bibi yako, Medicare yenyewe huko hailipi. G inalipa asilimia 80 ya dharura baada ya dola 250, lakini iwe imetokea ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na maisha yake yote haizidi dola 50,000. Kwa hiyo ile miezi mitatu aliyozoea tuipunguze.

Dawa ni plani ya pembeni, Medigap haina, nayo ina kikomo cha hela unayotoa mwenyewe kwa mwaka kwa dawa zilizo kwenye orodha yao, mwaka 2025 kilikuwa dola 2,000. Meno nayo haina. Ile hela uliyosema utachangia usinitumie, mpeleke daktari wa meno, lile jino la nyuma linamsumbua na hasemi.

Jumamosi uje tujaze fomu. Kadi yake ya Medicare imefika, ipo kwenye droo ya jikoni chini ya bili za umeme.

Mama yako